Soksi za Mama Pasi

Mama mkwe wangu amekuwa akipiga pasi nguo za watu tangu mume wangu alipokuwa anatambaa. Mtaa mzima humwita Mama Pasi. Husimama mezani kutwa, na kola akiimaliza yeye hata inzi atateleza.

Mwaka huu mishipa ya miguu yake ilivimba ikajisokota chini ya ngozi kama kamba iliyotupwa ovyo. Karibu na kifundo cha mguu ngozi ikawa nyeusi, inawasha. Muuguzi wa zahanati akasema ngozi ile ikipasuka, kidonda kitachelewa kupona, na meza ya pasi ataiaga. Mama Pasi bila meza yake sijui atakuwa nani. Nadhani hata yeye hajui.

Muuguzi alitueleza kwa upole, mimi nanyonyesha. Mishipa inayotoa damu moyoni ina kuta nene, moyo unaisukumia kwa nguvu. Inayorudisha damu ina kuta nyembamba, na huku miguuni damu lazima ipande mlima. Ndani yake mna vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Ukitembea, msuli wa kigimbi unaikamua damu ipande. Vilango vikilegea, damu hushuka tena ikatuama.

"Kwa hiyo usisimame sana, mama. Wala usikae sana."

"Nisisimame, nisikae. Basi mwanangu nining'inie kama shati?"

Muuguzi alicheka. "Utembeetembee. Ukipumzika, lala miguu iwe juu. Na uvae hizi soksi za kubana."

Hapo ndipo tulipopotea wote wawili. Nilipokuwa mjamzito walinifunga mpira mkononi ili damu isimame, mshipa utokeze, wanitoboe. Kumbe kubana kunazuia damu. Sasa kutaipandishaje? Nilitaka kuuliza, mtoto akaangua kilio, tukaondoka.

Kila asubuhi nilimvalisha kabla hajashuka kitandani.

"Polepole, mkwe wangu! Mimi si mto wa kuvishwa foronya."

Soksi zilimfika juu ya goti, zikimkera, basi akawa anazikunja mara mbili zikae chini ya goti. Nikaona sawa tu, zimekaa vizuri. Haikupita wiki, mguu ukavimba kuliko mwanzo. Utani ukamwisha. "Hizi zinanimaliza," akasema, akazitupa chini ya meza.

Nilimbembeleza azivae twende zikaonekane. Muuguzi alipopandisha gauni tu, akashika kichwa.

"Nani kakunja hapa?"

"Mimi. Ndefu mno."

"Mama, pale ulipokunja pamebana maradufu. Damu ikipanda inakwama hapo hapo. Soksi ibane zaidi kifundoni, ilegee kidogo kidogo kwenda juu."

Akampima upya, akampa zinazoishia chini ya goti, bila kukunja.

Sasa uvimbe umepungua na ngozi haijapasuka. Kamba ya kutundikia nguo tumeihamishia ukuta wa mbali, ili kila shati limtembeze. Lakini mimi bado najiuliza: kubana kule kule, huku kunaumiza, huku kunaponya?

Jana akaniuliza, "Mkwe wangu, wewe ulielewa?"

"Nusu, mama."

"Ishike vizuri hiyo nusu, maana mimi sina hata robo," akasema, akachukua shati lililoiva pasi, akaelekea nalo ukutani.