Msiba Uliokaliwa Kirumba

Majirani wa Kirumba walipoona mikeka imetandikwa uani kwa Mwalimu Prudencia Lwakatare, na akina mama wamejifunga khanga, wamekaa kimya, walijua mwenzao amefiwa. Katika mambo hayo hakuna anayesubiri kuulizwa wala kualikwa. Mmoja alikuja na maharage, mwingine akabeba sufuria kubwa kichwani. Sabina, muuza dagaa wa Mwaloni, alikokota gunia la mkaa kutoka kwake hadi getini, akaingia akilia kwa sauti kama inavyotakiwa.

Alipomaliza kulia ndipo akauliza aliyefariki ni nani. Mwalimu akamjibu bila kupepesa macho kwamba ni watoto wa Gaza.

Sabina aliutazama mkaa wake, kisha akamtazama mwalimu.

"Nyie Wahaya bwana," alisema. "Hata msiba mnaagiza ng'ambo?"

Wanawake waliangua kicheko, na Sabina mwenyewe akacheka, akavua kandambili, akakaa nao mpaka jioni. Lakini maneno yake yalitoka getini kabla yake.

Prudencia alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, na nusu ya vijana wa kata walipita mikononi mwake. Mumewe, marehemu Alexander Lwakatare, alikuwa afisa uvuvi ambaye wavuvi haramu walimwogopa na wavuvi halali walimheshimu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusema kwamba alimpa kitu akapokea. Jina hilo ndilo alilomwachia mkewe. Mwaka ule akina mama wa kikundi cha kufa na kuzikana walimsihi agombee udiwani, naye akachukua fomu. Kila mtu alijua anapita.

Sasa ikasemwa kwamba mwalimu amezusha msiba. Kutandika mkeka pasipo maiti, walisema wazee, ni kukiita kifo kije mtaani, na wapo waliowakataza watoto wao kupita mbele ya geti lake. Katika kanisa moja waumini waliambiwa mgombea huyo ameligeuzia kisogo taifa teule, na waliokuwa wakijiandaa kwenda kuhiji Yerusalemu walikasirika kuliko wote. Wengine waliwakumbuka vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo wakauawa, wakauliza hao aliwalilia lini. Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu sala ya kwanza iliyosaliwa juu ya mikeka ile ilikuwa ya vijana hao wawili.

Mshindani wake, Elias Ndalahwa, muuza injini za boti, hakumtukana hata mara moja. Kila tawi walilofika kujinadi aliuliza tu, huku akitabasamu, kama mama yetu anagombea Kirumba au Gaza. Wajumbe wa chama, ambao ndio wangempigia kura mgombea wao, walicheka, naye akaketi.

Ndipo Nestory akaja. Alikuwa mdogo wa marehemu, na ndiye msemaji wa familia hapa Mwanza. Alieleza kwa upole kwamba yeye na mambo ya Wapalestina ni mbalimbali, ila jina la Lwakatare sasa linatajwa kwa kicheko kwa vinyozi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu baba yao. Aliomba kitu kimoja: shemeji aseme alikosea, au aseme akina mama walimponza, yaishe. Prudencia alimwandalia ndizi na samaki, akamhimiza ale, akamwambia atajibu mbele ya wajumbe na si jikoni.

Siku ya kura za maoni ukumbi ulijaa hadi madirishani. Zamu yake ya kuulizwa maswali ilipofika, mjumbe mmoja mtu mzima alisimama, akamwamkia, akamuuliza taratibu kama wakimsamehe atarudia tena jambo lile. Alikuwa anampenda, na kila mtu aliona kwamba amemfungulia mlango. Neno moja tu lilitosha.

Prudencia aliweka kipaza sauti mezani. Sauti yake ya darasani haikukihitaji.

"Mimi kwetu ni ng'ambo ya mto Kagera," alisema. "Majeshi ya Amin yalipoingia tulikimbia kwa miguu. Bibi yangu hakuweza kutembea, akabaki. Tuliporudi hatukukuta hata mfupa. Lakini huko Muleba tulikokimbilia, kwa watu tusiowajua, akina mama walitandika nyasi mpya sakafuni, wakakaa msiba wa bibi yangu mpaka ukaisha, maiti haipo. Hawakutuuliza dini wala nani alianza vita. Leo nikiwaomba radhi ninyi, nitakuwa nimesema wale mama walifanya upuuzi. Hawakufanya upuuzi. Nitarudia."

Nyuma kabisa wanawake wawili watatu walianza kupiga makofi, wakawatazama waume zao, wakaacha.

Kura zilipohesabiwa Elias alikuwa ameshinda kwa mbali. Kwa utaratibu wa chama walioshindwa hupewa nafasi ya kusema neno, na wengi hulitumia kununa. Prudencia alisimama wima, akampongeza mshindi, akaahidi kumwombea kura kata nzima. Kisha akasema:

"Nawashukuru hata mlioninyima. Mmeninyima mkiwa mmeusikia ukweli wote, na mimi sikutaka kura ya namna nyingine."

Elias alishuka jukwaani, akainama mbele yake. Prudencia ndiye aliyemfundisha ramani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kafanye kazi."

Nje, wapambe wa mshindi walikuwa wameujaza uwanja kwa ngoma na nyimbo za kuwakejeli walioshindwa, kwa hiyo walioshindwa walikuwa wakitokea mlango wa nyuma, kupitia jikoni. Prudencia naye alianza kuelekea huko. Nestory, aliyekuwa amesimama dirishani tangu maswali yalipoanza, aliingia akipenya katikati ya watu, akampokea mkoba.

"Siyo huko, shemeji," alisema. "Tupite mbele."

Wakatoka kwa mlango mkubwa, yeye ametangulia, akiwasalimu watu kulia na kushoto, polepole, kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Na kila aliyesimama kuwatazama, hata wale waliomfahamu Prudencia kuliko yeye, Nestory aliwaambia kwa sauti ya kusikika juu ya ngoma: "Huyu ni mke wa kaka yangu. Ni Lwakatare."