Mpira wa Baiskeli Haufungi Injini Melini

Siku tuliyopakia injini ya kusagia melini, mwanangu, naikumbuka kama ya leo, na nikiisimulia moyo bado unanidunda! Ilikuwa miaka ya tisini, mimi binti mbichi wa Kasulu, sijawahi kukanyaga chombo cha majini. Dada yangu Yustina alikuwa ameolewa kijiji cha kusini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako barabara ilikuwa haijafika. Yeye na wanawake wenzake walichanga wakanunua injini kuukuu huku kwetu, wapumzike na adha ya kutwanga. Kazi ya kuifikisha tukapewa mimi na kaka yetu Zabroni. Ingezama ziwani, wasingekuwa na uwezo wa kununua nyingine.

Kaka Zabroni alikuwa mtu wa sifa, na sifa zenyewe hakuziokota njiani. Kwa kufunga mzigo wa baiskeli hakuwa na mwenzake. Umekulia kwenye vilima hivi, unajua tunavyofanya: tunachana mipira ya ndani ya matairi, tunavuta, tunazungusha, na mikungu ya ndizi inateremka salama. Njia ikirusha, mpira unanyumbulika, kisha mzigo unarudi mahali pake. Basi tulipofika bandarini Kigoma, kaka akaifunga injini vivyo hivyo pale sitahani, juu ya meli. Akatandika majani makavu ya migomba chini, isichubuke, akavuta mipira mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nikampigia vigelegele mbele ya mabaharia wote!

Ndipo akaja serahangi, mkubwa wa mabaharia, mzee Mkongomani waliyemwita Papa Kalumba. Akaizunguka injini polepole.

"Muko munafunga kuku ao injini?" akauliza.

Kaka akavimba. "Papa, mzigo huu hauendi popote. Kwetu nafungaga hivi, na milima yote ile."

"Bon, sawa. Musukume."

Tukasukuma, mimi, kaka na baharia mmoja. Lo! Mipira ikanyooka, majani yakateleza, injini ikasogea mpaka karibu na ukingo. Tulipoiachia ikarudi kwa kishindo, ikaukosa mguu wa kaka kidogo tu.

"Barabara inarusha juu," Papa Kalumba akasema. "Ziwa inalalisha meli ubavu. Injini ikitembea, meli itaifwata, na sisi wote mu maji."

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Kaka akaanza kufungua mipira yake. Tukafagia majani yote, tukatandaza mbao kavu zenye ukwaruzo, tukapigilia kabari kila upande. Kisha minyororo: mmoja ukivuta kulia, mwingine unavuta kushoto, mmoja mbele, mwingine nyuma, ili injini isipate upande wa kukimbilia. Tukaikaza kwa skrubu zake mpaka ukiugonga mnyororo unalia. Mwanangu, niliipenda kazi ile! Nilikuwa na grisi hadi masikioni, nacheka mwenyewe kama mwehu.

Nikadhani tumemaliza. Mchana, tukiwa ziwani, upepo wa kiangazi ukaamka na mawimbi yakaanza kutuyumbisha. Papa Kalumba akatuita twende tukashike minyororo.

"Si tulishakaza?" kaka akauliza.

"Muzigo inafungwa tena mu njia."

Nikatambaa kuifikia, maji yakinimwagikia mgongoni. Mnyororo wa kwanza, imara. Wa pili, imara. Wa tatu nikaushika, ukacheza mkononi kama kamba ya mbuzi! Mbao zilikuwa zimebonyea kwa uzito, kabari imechomoka, na injini ilikuwa imeanza kutikisika. Nikapiga kelele. Kaka akajitupa na nyundo, akaanza kuirudisha kabari, huku mimi nazungusha skrubu kwa nondo mpaka viganja vikachubuka. Wimbi kubwa likaja, meli ikalala ubavu, pipa tupu likatupita likaruka majini. Injini ikakoroma, minyororo ikalia, lakini haikuondoka mahali pake! Kaka akakaa chini, akacheka na kulia kwa pamoja, akimwita Mungu kwa Kiha chetu: "Imana weee! Imana weee!" Nami sikuwahi kumpenda kaka yangu kama saa ile.

Tulipofika, dada Yustina aliingia ziwani hadi kiunoni na kitenge chake kipya, hakungoja mtu. Ilipokwisha kushushwa ufukweni, wanawake waliibeba ile injini kwa magogo wakiimba, na kabla jua halijashuka ilikuwa inanguruma, unga unatoka, watoto wanakimbilia kuuramba.

Mwanangu, kesho unashuka Kigoma kuanza kazi ya kupakia meli. Ujuzi wa nyumbani nenda nao, lakini ukifika uliza kwanza, maana kuuliza si ujinga. Chuma kizito usikiachie nafasi hata ya kidole, na usisimame upande kinakoweza kuangukia. Ukiambiwa fungua ufunge upya, fungua, hata kama watu wanakutazama. Na ukishafunga, rudi ukashike kwa mkono wako mwenyewe, urudi tena, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ziwani ukuta hujengi.

Nenda, mwanangu. Imana ikurinde majini na nchi kavu, iipe mikono yako nguvu na masikio yako usikivu, na kila utakachopakia kikapokelewe salama na wanaokingoja.