Majina Yaliyogandana Kakuma

Rispa Ebenyo alikuwa amechapia watu barua na fomu katika duka moja la kompyuta Lodwar kwa miaka kumi na minne kabla ya kujifundisha kuandika programu. Kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka kwa kliniki ndogo ya Kakuma: mashine ya kuwaita wagonjwa kwa spika.

Aliandika programu mbili zikae ndani ya kompyuta moja. Kwenye ya kwanza, Achol, karani wa mapokezi, alichagua jina la mgonjwa. Ya pili ililisoma kwa sauti. Majina yalipita kati yao kwa soketi, kama bomba lililo ndani ya kompyuta ile ile, bila kuhitaji intaneti. Kule Lodwar Rispa alijaribu jina moja moja, na yote yakaitwa sawasawa.

Jumatatu, Rispa akiwapo kuiangalia mashine, ukumbi wa kliniki ya Kakuma ulifurika. Vyumba viwili vya daktari vilipokuwa wazi kwa pamoja, Achol alituma majina mawili mfululizo, na spika ikatamka, "Adhieu Madut Malek Lony." Mama mmoja akainuka, akaingia. Chumba cha pili kikabaki kitupu.

Saa moja baadaye mzee mwenye fimbo alikuja mezani kuuliza kwa upole kama amesahaulika. Jina lake lilikuwa Malek Lony. Rispa alihisi uso ukimwaka. Akamuuliza Achol kama aliyatuma majina hayo mawili kama jina moja.

"Nilituma watu wawili, dada," Achol akasema. "Lakini kwetu jina la mtu hufuatwa na la baba, halafu la babu. Mashine yako imemfanya huyu mzee kuwa babu yake Adhieu."

Mzee mwenyewe alicheka. Rispa hakucheka; alikuwa ameshaelewa. Bomba lile lilipeleka herufi zote kwa mpangilio wake, wala halikupoteza hata moja, ila halikujua jina la mtu linaishia wapi. Yeye ndiye hakuliambia.

Alivuta kiti, akaandika palepale, watu wakimchungulia begani. Kila jina sasa lingetumwa na alama ya mstari mpya mwishoni, na programu ya pili ingekusanya herufi bila kutamka chochote mpaka iione alama hiyo.

"Tuma matano," akamwambia Achol. "Haraka uwezavyo."

Achol akatuma, la mzee likiwa mbele.

"Malek Lony," spika ikasema, ikanyamaza. Kisha, "Nyibol Wal." Kisha wengine watatu, kila mmoja peke yake.

Mzee aligonga fimbo sakafuni, akaelekea kwa daktari. Rispa alikuwa amepanga kurudi Lodwar kwa gari la saa sita. Liliondoka bila yeye. Alikaa ukumbini hadi saa kumi, akisikiliza jina baada ya jina, akitabasamu kila mtu aliposimama.