Nilivyomtia Pingu Mjane wa Mchezo Wetu

Nimekaa na hili miaka mingi, wapendwa, leo acha nilitapike. Niliwahi kumpoteza rafiki yangu wa kufa kuzikana kwa sababu ya mchezo wa mezani, na kosa lilikuwa langu!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa shule ya upili Kitale. Mwalimu mmoja wa kujitolea alituachia mchezo wa ajabu. Kila mtu anabuni mhusika wake, mwongozaji anasimulia safari, dadu zinaamua mambo. Kabla ya kuanza unatangaza msimamo wa mhusika wako: ni mwema au mwovu, anafuata sheria au hazijali. Mwongozaji nilikuwa mimi, na kichwa kilinivimba.

Simiyu, ndiye rafiki yangu huyo, alichagua askari mwema, mfuata sheria. Jumamosi moja nikamtega. Askari wake yuko mpakani, mjane anapita na gunia la maharagwe, hajalipa ushuru, watoto wake wana njaa.

"Namwachilia," Simiyu akasema.

"Huwezi. Si ulisema unafuata sheria? Mkamate."

"Nilisema pia ni mwema, bana."

Ningemuuliza tu lipi lina uzito zaidi kwa askari wake. Nikamwamulia! Nikamtia mjane pingu kwa mdomo wangu, maharagwe nikayamwaga, wenzetu wakacheka. Simiyu akainuka akatoka.

Mama yake alikuwa mjane. Alimsomesha kwa maharagwe aliyovusha mpakani pale Suam bila ushuru, na mimi nilijua. Jamani, nilijua!

Hakunisemesha tena. Bila yeye mchezo ukadoda. Shule zilipofungwa akaenda kwao Myanga, upande wa Bungoma, na mama yake, nami nikabaki na dadu zangu na aibu. Mwishowe nikapanda basi la Bungoma, nikawafuata.

Mama Simiyu alinikaribisha vizuri, lakini nikaletewa ugali na mboga ya mrenda. Kule mgeni anayependwa huchinjiwa kuku, kwa hivyo nikajua kesi yangu bado iko. Simiyu alikula akiangalia ukuta. Nikaungama yote, hadi zile pingu.

Mama akanitazama. "Kwa hivyo mimi ni mwema ama mbaya?"

"Mwema, mama."

"Na sheria nafuata?"

Akajijibu mwenyewe.

"Nafuata ikiniacha nilishe watoto. Ikikataa, napitia kando. Ungeniuliza ningekwambia, kijana wangu. Sasa toa hiyo mchezo. Mimi nitakuwa ule afande wa ushuru. Mbaya kabisa, na sheria anafuata yote."

Alinikomesha! Nilifika mpakani na upanga na punda wangu, akadai risiti ya upanga, kibali cha punda, hata risiti ya viatu. Kila nikijitetea ananiuliza, "Ati sheria inasema aje?" Simiyu alianza kwa kutabasamu pembeni, akaishia kushika mbavu.

"Mwachilie, mama," akasema. "Huyo ni rafiki yangu."

Nilitaka kulia.

"Mimi ni mbaya, siwezi," mama akajibu. "Lakini haya. Enda ushike ule jogoo."

Nyinyi mnaoongoza michezo, na nyinyi mnaoongoza nyumba zenu, sikieni. Mtu akikwambia yeye ni mwema, muulize wema wake unafika wapi kabla hujamfunga nao. La sivyo utakula mrenda peke yako, na harufu ya kuku inatoka kwa jirani.