Kiuno Kisicho na Jina

Fundi wetu wa cherehani hukalia kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu damu yake haina kalenda. Wateja wakimtazama tumbo na kumuuliza, "Hongera, unajifungua lini?" hujibu, "Karibuni tu." Huu ni mwaka wa tatu. Leo nikitafuta vipimo vyangu kwenye daftari lake, nimekuta ukurasa usio na jina: kiuno 84, 91, 99, 108.

"Huyu nani?"

"Mimi, dada. Daktari alitaka uvimbe wa kizazi utolewe ukingali kama ndimu. Nikasema ngoja nipanue nguo kwanza."

Akanigeuzia ubavu wa sketi yake. Matundu ya mishono iliyofumuliwa yalifuatana, mstari kwa mstari, mpaka ukingoni.

"Hapa kitambaa kimekwisha."