Bawabu na Dele Lake

Bawabu wa ngome kongwe nje ya Nizwa, Omani, ana ufunguo mrefu kama mkono wa mtoto, na sauti ambayo hata ufunguo hausikii. Kumwambia mgeni "tunafunga" huona haya. Hukohoa, hupangusa mlango uliokwisha kupanguswa, kisha huleta dele la kahawa, maana kwetu mgeni akitosheka hutikisa kikombe, akaaga; asipotikisa, hujaziwa tena. Jana alitakiwa nyumbani mapema: watu wa posa walikuwa wanakuja kwa binti yake. Ndipo wakaingia Wagiriki wawili, mtu na mkewe, ambao kisiwani kwao kuna ngome kama hiyo, wakaipenda kama yao. Kutikisa hawakujua. Yeye akamimina, wao wakanywa. Akamimina tena, naye ati ndiye mlinzi wa ngome! Akajimiminia chake, akakitikisa mbele ya macho yao. Wakafurahi, wakatikisa vyao, wakavinyoosha vijazwe. Simu ya bawabu ikalia, mkewe.

"Baba Kaltham, watu wameshakaa, bintiyo analia. Uko wapi?"

"Nawatoa wageni."

"Unawatoa vipi?"

Bawabu akalitazama dele.

"Kwa kahawa," akanong'ona, na mkono bado unamimina.