Sanduku Moja la Watu Watatu

Karatasi niliikuta juu ya meza ya kulia, imewekewa kopo la tangawizi isipeperuke. Nilikuwa nimekaa kuchagua mchele wa mchana, na mtu akishachagua mchele jicho lake halitulii. Nikaisoma. Ilikuwa ratiba ya safari yetu sisi watatu, mimi, ndugu yetu wa kati na mdogo wetu wa mwisho, Disemba hii, kwa treni, mji kwa mji Ujerumani, kutazama masoko ya Krismasi. Frankfurt siku mbili. Nuremberg siku mbili. Dresden siku mbili. Leipzig siku tano. Na chini, kwa mwandiko wa mdogo wetu: "Kila mtu na begi lake dogo."

Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na safari ya kurudi Muscat, na majina mawili tu. La mdogo wetu halikuwepo.

Wewe pengine ungedhani amesahau. Mimi niliweka sinia chini. Leipzig ina nini hata ipewe siku tano? Na kila mtu na begi lake, tangu lini?

Inabidi nikurudishe Wadi Kabir, hapa hapa Muscat, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya magereji, ndipo utaelewa maneno yale yalinigusa wapi.

Tulihamia pale kwa bibi, mama yake mama, baada ya wazazi wetu kufariki katika ajali ya gari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, wa kati minane, mdogo wetu hajatimiza minne. Bibi alizaliwa Unguja, na kazi yake ilikuwa kupika vitumbua na mandazi ya kuwauzia mafundi. Asubuhi nyumba ilinukia iliki na samli, na nje, kabla jua halijakaza, nyundo zilikwishaanza kugonga mabati. Mimi nilikanda unga. Wa kati alichota maji. Mdogo wetu alipewa kazi ya kupanga vitumbua kwenye sinia, na kila siku safu ya mwisho ilipungua, na kila siku mashavu yake yaling'aa mafuta.

Jirani yetu fundi alikuwa akipata kalenda kutoka kwa wauza vipuri vya magari ya Kijerumani. Mwaka ukiisha alimpa bibi, naye alitandika kurasa zake kabatini. Ukurasa wa Disemba mdogo wetu aliukatalia. Ulikuwa na uwanja wa mji, theluji juu ya mapaa, vibanda vya mbao vyenye taa, na kwa mbali treni nyekundu. Tukaubandika juu ya mtungi wa maji.

"Wanauza nini pale?" aliniuliza.

"Vitumbua," nilimjibu, maana mikono yangu ilikuwa ndani ya unga na sikuwa na jingine la kusema.

"Vya bibi?"

"Vya bibi yao."

Basi tukawa na treni. Alipanga makopo matupu ya samli mlangoni, akakaa kopo la mbele, na hakuna aliyeingia jikoni bila kutoa tiketi, ganda moja la iliki. Hatukuwa tumeona treni hata siku moja, wala hapa hakuna ya abiria mpaka leo. Ile yetu ilikuwa na kituo kimoja tu, Vitumbua, na ilifika salama kila siku.

Ijumaa moja akaja shangazi yetu, dada yake baba, kutoka Qurayyat. Alileta tende, papa mkavu, na mwanasesere mwenye nywele za manjano. Alisema anamchukua mdogo wetu kwa wiki moja akabadilishe hewa. Bibi alikuwa amechoka, magoti yakimsumbua. Akakubali.

"Mkunjie nguo zake, mjukuu wangu," akaniambia.

Nilikuwa nakwenda chumbani niliposikia shangazi akiuliza, kama mtu aliyekumbuka tu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiko wapi. Nikasimama. Mtu anakwenda kutembea wiki moja, cheti cha nini?

Nikalivuta sanduku la baba, la ngozi ya kahawia, ambalo kufuli yake ilikuwa imekufa tukilifunga kwa kamba. Nikatia gauni zake, suruali za wa kati, sare yangu ya shule, kila kitu, nikavichanganya kama ninavyochanganya unga. Nikaliburura hadi sebuleni, nikalikalia.

"Nguo za mtoto ziko wapi?" shangazi aliuliza.

"Humu, pamoja na zetu. Sanduku tunalo moja tu, shangazi. Akienda yeye linakwenda, na likienda tunalifuata."

Kwanza alicheka. Alipoona sinyanyuki, akamgeukia bibi. "Mama, huyu umemlea au umemwajiri? Ana jicho la mtu wa forodha!"

"Mwache," bibi alisema, akaniangalia kitambo. "Nnakwambia mwache. Kwanza nijibu mimi, hicho cheti cha nini?"

Shangazi aliinuka. Aliondoka na kapu lake, mwanasesere akatuachia. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na mtoto, na leo najua angemlea vizuri, pengine kuliko sisi. Lakini wakati ule sikumwonea huruma. Mwaka uleule niliacha shule, nikakanda unga asubuhi na jioni. Na tangu siku ile, safari yoyote, hata ya Idi, ilikuwa ya sanduku moja.

Sasa mdogo wetu ni muuguzi. Aliporudi kutoka kazini mchana ule alitukuta mimi na wa kati mezani, karatasi mkononi mwangu.

"Leipzig kuna nini?"

"Soko, Dada. Lozi za sukari, keki za tangawizi."

"Siku tano za lozi?"

Akavua viatu polepole. "Kumbe umeiona."

"Umeiweka niione."

"Ndiyo. Mdomo umenishinda." Akakaa. "Hospitali moja ya kule imenipa kazi ya miaka miwili. Sijatia saini. Nataka uione hiyo njia, ukione chumba, umkague mwenye nyumba kwa hilo jicho lako. Ukisema hapana, nakata tiketi narudi na nyinyi."

"Si ungenambia tu? Mpaka uzungushe masoko na matreni?"

"Ningetaja kazi, ungekalia sanduku."

"Na siku hizi mzito," wa kati alidakia, mdomo umejaa wali. "Hatumnyanyui hata tukiwa wanne."

Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka kopo la mbele, na mtoto aliyekuwa akituuliza kila asubuhi tunateremka wapi. Safari hii aliipanga mbele ya macho yangu tangu ana miaka mitatu, nami nikamlipa tiketi kwa maganda ya iliki.

Sanduku la baba halipo. Nililitupa mwenyewe tulipohama, nyumba ikabomolewa gereji lipanuke, na ukurasa wa Disemba ukaondoka na ukuta. Nilikwenda soko la Matrah kununua mabegi matatu. Nilizungusha magurudumu, nikavuta zipu, nikanusa ndani, mpaka muuzaji akasema, "Mama, unanunua begi au unalipeleka kwa daktari?"

Nimepakia la mdogo wetu kwa mikono yangu, nguo zake peke yake. Sijatia hata soksi ya mtu mwingine. Nilipofungua la kwangu nitie viatu, nikakuta ndani gauni lake la Idi, lile jepesi la kijani.

"Hili la nini kwenye theluji?"

"Ah, nimekosea begi," alisema, bila kugeuka.

Katika nyumba hii hakuna anayekosea nguo. Gauni lile litakwenda Ujerumani na kurudi Muscat na mimi, na mwenyewe atalifuata. Nimelikunja upya, nikaliweka chini kabisa, nikafunga zipu.